Dunia inapata joto, sasa ile baridi iliyoua watu Texas ilitoka wapi?

Kila ikifika Desemba mpaka Februari zinaanza kuzunguka zile klipu kwenye magrupu ya WhatsApp, gari limefunikwa na theluji mpaka juu ya paa, jamaa anamwaga maji ya moto hewani yanageuka wingu jeupe, na chini yake lazima ukute mtu kaandika "hawa si ndio walituambia dunia inachemka?" Zinafuata emoji za kucheka na mjadala unaishia hapo hapo. Ila swali lenyewe sio la kijinga wakuu, hata Donald Trump akiwa rais, Januari 2019, aliuliza Twitter hilo joto la dunia limekwenda wapi, lirudi haraka maana linahitajika. Kwa hiyo tulifungue hili fundo taratibu, tukianzia na maneno, halafu baridi yenyewe inatoka wapi, halafu tuishie Texas Februari 2021 maana pale ndio mambo yote yaligongana usiku mmoja.

Maneno kwanza, kwa sababu nusu ya ubishi ni watu kuchanganya vitu. Hali ya hewa ni kinachotokea leo na wiki hii hapo ulipo. Tabianchi ni wastani wa miaka mingi, kawaida wataalamu wanaangalia miaka 30. Mvua ikipiga Dodoma siku moja mwezi wa nane hakuna atakayesema Dodoma imeshakuwa Bukoba, na hivyo hivyo wiki moja ya baridi kali Marekani haifuti wastani wa dunia nzima wa miaka 30. Hilo ni rahisi na wengi wanalijua, shida inakuja kwenye mengine.

Baridi kali na theluji nyingi ni vitu viwili tofauti. Hewa ikiwa ya baridi sana inabeba unyevu kidogo sana, ndio maana kituo cha Vostok kule Antaktika, palipopimwa digrii 89.2 chini ya sifuri Julai 1983, theluji inayoanguka kwa mwaka ni kiduchu. Theluji nzito nzito inapenda hewa iliyo karibu na sifuri. Halafu kuna dhoruba ya theluji, na hii Wamarekani wana vipimo vyake rasmi, upepo ufike kilomita 56 kwa saa au zaidi, mtu asione mbele zaidi ya mita 400, na hali hiyo idumu saa tatu. Unaona hapo hakuna kipimo cha theluji imefika magotini au kiunoni, kinachohesabiwa ni upepo na kutoona. Unaweza kuwa na dhoruba hatari kwa theluji ambayo ilishaanguka jana, upepo unaiokota tu chini na kuirusha.

Na kuna mvua inayoganda, hii kwangu ndio mbaya kuliko zote kwa dereva. Inanyesha kama maji ya kawaida kabisa, ila ikigusa lami iliyo chini ya sifuri inakuwa barafu palepale, tena barafu angavu kama kioo, wewe unaona lami imelowana tu. Tarehe 11 Februari 2021 asubuhi na mapema kule Fort Worth, Texas, magari zaidi ya 130 yaligongana kwenye barabara kuu moja kwa sababu ya hiyo kitu, malori ya mizigo yakipanda juu ya magari madogo, watu 6 wakafariki. Na hapo baridi kubwa yenyewe ilikuwa haijafika.

Sasa ile ya "Chicago leo ni hasi 47". Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha Chicago kilisoma digrii 31 chini ya sifuri, ambayo peke yake inatisha. Hasi 47 ni baridi inavyohisiwa ukiongeza upepo. Mwili wako unapasha kahewa kembamba kanakozunguka ngozi, upepo ukivuma unakaondoa kila mara, kwa hiyo unapoteza joto haraka kana kwamba hewa ni ya baridi zaidi. Ni namba ya ngozi ya mtu. Bomba la maji au injini ya gari inaweza kupoa haraka zaidi kwenye upepo lakini haiwezi kushuka chini ya hewa yenyewe, yaani kama nje ni digrii 2 juu ya sifuri na upepo unafanya ihisiwe hasi 5, maji kwenye bomba hayagandi ng'o. Vyombo vya habari vinapenda ile namba kubwa, si unajua inauza.

Wiki hiyo hiyo ya Chicago ndio ilitoa ile video ya treni inapita juu ya moto, watu wakasema Wamarekani wanachoma reli ili chuma kisipasuke. Sio reli inayowaka jamani, ni vichomeo vya gesi vilivyofungwa pembeni ya makutano ya reli, ili barafu isizuie vile vyuma vinavyobadilisha njia ya treni. Vinatumika kila baridi ikikaza, sema mwaka ule kamera zilikuwa nyingi. Na wale wa kurusha maji ya moto hewani, wapo walioishia hospitali na majeraha ya moto kwenye baridi ya hasi thelathini, maana upepo unarudisha maji usoni.

Haya, baridi yenyewe inatoka wapi. Hapa utasikia neno pola voteksi, na wengi wanadhani ni kimbunga kinachosafiri kutoka ncha ya dunia kuja kupiga mji. Hapana. Kila majira ya baridi, juu ya Ncha ya Kaskazini jua linapotea kwa miezi, hewa ya huko inapoa kupita kiasi, na juu sana, kilomita kama 16 mpaka 50 kutoka ardhini, kwenye tabaka linaloitwa stratosfia, upepo mkali unazunguka hiyo hewa baridi kutoka magharibi kwenda mashariki na kuifungia huko huko. Huo mzunguko ndio pola voteksi. Upo kila mwaka, na ukiwa na nguvu ndio salama ya watu wa kusini, kwa sababu baridi inabaki kwao dubu.

Chukua mfano wa pia, kile kichezeo cha mtoto kinachozungushwa sakafuni. Ikizunguka kwa kasi inasimama wima mahali pamoja, ukiigusa kidogo haiyumbi. Ikipigwa kofi au kasi ikipungua inaanza kuyumba, inalala upande, inatangatanga sakafuni. Mzunguko wa kule juu nao unapigwa makofi, na yanatoka chini, hewa inayopita juu ya milima mikubwa na kwenye mipaka ya bara na bahari inatengeneza mawimbi makubwa yanayopanda mpaka stratosfia na kuvunjikia huko. Yakivunjika kwa nguvu, ile stratosfia inapata joto ghafla, makumi ya digrii ndani ya siku chache, na mzunguko unavurugika, unasogea pembeni au unarefuka au unagawanyika vipande viwili. Jambo kama hilo lilitokea mwanzoni mwa Januari 2021. Baada ya hapo inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla huku chini hamjasikia kitu, na mara nyingine hamsikii kabisa, maana inategemea mkondo wa upepo wa kilomita kumi juu umejikunja vipi na umeelekea wapi. Mwaka ule katikati ya Februari ulijikunja kuelekea katikati ya Marekani. Na ukiangalia ramani kati ya kaskazini mwa Kanada na Texas hakuna safu ya milima inayokata kutoka mashariki kwenda magharibi, ni nyanda tupu, hewa nzito ya baridi ikishaanza kuteremka hakuna cha kuizuia mpaka Ghuba ya Mexico.

Sasa shika hapa maana ndio jibu la lile swali la grupu. Hiyo baridi haikutengenezwa mpya, imehama tu. Ikitoka kule juu, hewa ya uvuguvugu inaingia kujaza nafasi. Mwisho wa Februari 2018 Ulaya ilipigwa na wimbi la baridi ambalo magazeti ya Uingereza yaliliita Mnyama kutoka Mashariki, theluji ikaanguka mpaka Roma watoto wakachezea mbele ya Kolosiamu, na siku hizo hizo kituo cha Cape Morris Jesup, kaskazini kabisa mwa Greenland, mahali ambapo jua lilikuwa halijachomoza kwa miezi, kilisoma joto juu ya sifuri kwa makumi ya saa. Yaani kaskazini ya Greenland palikuwa na joto kuliko sehemu kubwa ya Ulaya. Ile baridi ya Chicago ya 2019 nayo, wiki moja kabla, tarehe 24 Januari, mji wa Adelaide Australia ulifika digrii 46.6, na mwezi ule ukawa wa joto zaidi Australia tangu waanze kupima. Na Februari 2021 pamoja na Texas kuganda, wastani wa dunia nzima bado ulikuwa juu ya wastani wa karne ya 20. Ukipiga picha ya kona moja utaona unachotaka kuona.

Kwa ujumla, jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi linasema vipindi vya baridi kali vimepungua idadi na makali tangu miaka ya 1950, na hilo wana uhakika nalo karibu asilimia mia. Wanapobishana ni kitu kingine, je kule Aktiki (eneo la Ncha ya Kaskazini) kupata joto haraka, karibu mara nne ya kasi ya dunia nzima, kunaufanya ule mzunguko wa juu uyumbe mara nyingi zaidi? Wako wanaosema ndio na wana hoja zao, wako wanaosema data haioneshi hivyo. Kwa hiyo anayekwambia Texas iliganda kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, tena kwa kujiamini, naye anakimbia mbele ya wanasayansi, kama yule wa emoji za kucheka tu.

Kingine ambacho watu hawakielewi ni baridi inauaje. Wengi wanafikiria mtu kasimama nje kaganda kama sanamu. Mara chache sana. Baridi inaua kwa kupitia kitu ambacho watu wanakitegemea.

Mongolia kwa mfano inaua kupitia majani. Kuna balaa wanaliita dzud, na mfugaji yeyote wa kwetu akielezwa atalielewa kabla hujamaliza sentensi. Kiangazi kinakuwa kikavu, majani hafifu, mifugo inaingia kwenye baridi ikiwa imekonda. Halafu theluji inaanguka nyingi, au inayeyuka juu juu kisha inaganda tena na kuwa ganda gumu la barafu, mbuzi na kondoo wanakwangua kwa kwato hawafiki kwenye nyasi. Wanakufa njaa wamesimama juu ya chakula. Msimu wa 2009 kuingia 2010 ilikufa mifugo zaidi ya milioni 8, karibu mmoja kati ya kila mitano nchi nzima, na 2023 kuingia 2024 tena zaidi ya milioni 7. Kule baridi ya hasi thelathini yenyewe sio habari, wameizoea mababu na mababu, habari ni kiangazi kibaya kikifuatwa na ganda la barafu.

Buffalo iliua kupitia barabara. Huu mji upo jimbo la New York pembeni ya Ziwa Erie na theluji kwao ni kama vumbi kwa mtu wa Singida, na sababu ni ziwa. Upepo wa baridi ukipita juu ya maji ambayo bado hayajaganda unaokota mvuke na joto, ukifika nchi kavu unamwaga yote kama theluji kwenye ukanda mwembamba, mtaa huu mita mbili, mtaa wa mbali kidogo wanaota jua. Novemba 2022 vitongoji vya kusini mwa mji vilipata kama mita mbili kwa siku chache na maisha yakaendelea. Sasa Krismasi ya mwaka huo huo, kuanzia tarehe 23 Desemba, haikuwa theluji tu, ilikuja na upepo mkali na kutoona kitu kwa saa 37 mfululizo. Zimamoto, magari ya wagonjwa, polisi, wote walikwama, hata magari yaliyotumwa kuokoa magari yakahitaji kuokolewa. Amri ya kuzuia kuendesha ilitoka asubuhi ile ile wakati watu wengi washafika kazini. Zaidi ya 40 wakafa, wengine ndani ya magari yaliyokwama, wengine majumbani umeme umekatika, wengine walipigiwa simu ya dharura gari ikashindwa kufika. Watu weusi walikufa wengi kupita sehemu yao kwenye idadi ya wakazi, na kwenye mitaa ya mji ule kuna familia nyingi za wakimbizi kutoka Congo, Burundi na Somalia, Kiswahili unakisikia dukani kabisa.

Halafu sasa Texas, iliyoua kupitia umeme.

Texas ina gridi yake peke yake. Marekani bara ina gridi kubwa ya mashariki, kubwa ya magharibi, na ya Texas katikati, ambayo kwa makusudi wameiacha ijitegemee ili serikali kuu isiwaingilie sana. Inaendeshwa na shirika linaitwa ERCOT na inahudumia kama asilimia 90 ya matumizi ya jimbo. Nyaya za kuunganisha na majirani zipo chache mno. Siku za kawaida hakuna anayejali.

Jumapili tarehe 14 Februari 2021 jioni, baridi imeshuka, kila mtu kawasha heta. Nyumba nyingi za Texas zinapashwa joto kwa umeme, zaidi ya nusu, na zimejengwa kwa ajili ya kupambana na joto la Julai, kuta nyepesi, mabomba yamepita darini au ukuta wa nje. Matumizi yakapanda mpaka megawati 69,000 na ushee, rekodi ya majira ya baridi kwa wakati ule. Na wakati huo huo mitambo inaanza kuanguka mmoja mmoja. Mingi iliyoanguka ilikuwa ya gesi, maana ndio mingi na ndio iliyotegemewa. Gesi ikitoka kisimani inakuja na maji maji, yale maji yakaganda kwenye vichwa vya visima na kwenye vibomba, presha ikashuka. Hata nyuklia haikupona, alfajiri ya Jumatatu mtambo mmoja wa zaidi ya megawati 1,200 ulijizima kwa sababu kibomba chembamba cha kupimia presha kiliganda, kibomba cha kupimia tu jamani, maji yaliganda humo, kipimo kikasoma uongo na mashine ikajilinda.

Sasa angalia saa saba na dakika kama 50 usiku kuamkia tarehe 15. Gridi ya Marekani inazunguka kwa hezi 60, yaani mara 60 kwa sekunde, mashine zote zinacheza mdundo mmoja (huku kwetu ni 50). Matumizi yakizidi uzalishaji, mdundo unapungua, na mashine kubwa zimewekewa ulinzi, mdundo ukikaa chini ya 59.4 kwa dakika 9 zinaanza kujitoa zenyewe zisiharibike. Zikianza kujitoa ndio basi, kila inayotoka inaongezea mzigo iliyobaki na gridi nzima inalala. Usiku ule mdundo ulikaa chini ya 59.4 kwa dakika 4 na sekunde 23. Walibakiwa na dakika nne na nusu hivi. Na gridi ikilala fofofo namna hiyo haiwashwi kwa swichi, ingechukua wiki, pengine miezi, kuiamsha mtambo mmoja mmoja, kwenye baridi ile.

Wakaokoa kwa kufanya kitu ambacho Mtanzania au Mkenya hahitaji kuelezewa, mgao. Tena mgao wa kikatili, ulipofika kileleni walikuwa wamekata megawati 20,000. Bwawa la Nyerere lote likiwa limewashwa mitambo yake yote ni megawati 2,115, kwa hiyo piga hesabu mabwawa tisa na zaidi. Kwenye mpango ilitakiwa uwe wa zamu, mtaa huu dakika chache kisha mwingine. Haikuwezekana, kwa sababu kilichobaki kilikuwa kidogo sana, na laini zenye hospitali na huduma muhimu haziruhusiwi kukatwa, hivyo aliyekaa laini moja na hospitali alikuwa na taa siku zote na jirani yake ng'ambo ya barabara alikaa siku tatu gizani nyumba imeshuka karibu na sifuri ndani. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikosa umeme.

Na humo kuna kituko ambacho mimi kila nikikifikiria nashika kichwa. Katika kukata huko walikata umeme wa baadhi ya visima na mitambo ya kusukuma gesi, kwa sababu wenye mitambo hiyo hawakuwa wamejaza fomu za kuomba wawekwe kwenye orodha ya wasiokatwa. Kwa hiyo gesi ikapungua zaidi kwa kukosa umeme, na umeme ukapungua zaidi kwa kukosa gesi.

Lawama za kwanza kabisa zilienda kwa mapanga ya upepo, ile mitambo mirefu inayozungushwa na upepo kutoa umeme. Gavana Greg Abbott alienda kwenye TV akasema umeme wa upepo na jua ndio umewaangusha, na mitandaoni ikazunguka picha ya helikopta inayeyusha barafu kwenye panga la upepo, watu wanacheka "eti nishati safi". Ile picha ni ya Sweden ya miaka ya nyuma, haina uhusiano na Texas. Ni kweli kuna mapanga yaliganda Texas, tusifiche, lakini uchunguzi wa mamlaka za nishati za Marekani uliona kwamba kati ya mitambo iliyopata hitilafu asilimia 58 ilikuwa ya gesi. Mapanga ya upepo yanazunguka vizuri tu Sweden na Finland yakiwekewa vifaa vya kupasha, kama ambavyo mitambo ya gesi inafanya kazi vizuri Kanada ikifunikwa na kuzungushiwa nyaya za joto. Ishu haikuwa aina ya mtambo, ishu ilikuwa hakuna aliyetaka kulipia hilo blanketi. Na walishaambiwa, Februari 2011 Texas iliganda hivyo hivyo umeme ukakatwa, ikaandikwa ripoti ndefu inasema fungeni mitambo yenu isiingie baridi, ila haikuwa lazima, na jambo la hiari lenye gharama unajua linavyoishia. Mji wa El Paso uko Texas ila umeungwa gridi ya magharibi na baada ya 2011 walitumia hela kujiandaa, mwaka 2021 waliokosa umeme kule walikuwa wachache na kwa muda mfupi.

Hesabu rasmi ya jimbo ni watu 246 waliokufa, na wapo wachambuzi waliopata idadi kubwa zaidi ya hiyo. Kama theluthi mbili ni baridi yenyewe, wengi wazee na wagonjwa ndani ya nyumba zao wenyewe, kwa sababu joto la mwili likishashuka chini ya 35 mtu anachanganyikiwa, anasinzia, hajui hata kwamba yuko hatarini. (Na ile ya kupiga pombe upate joto ni uongo, pombe inafungua mishipa ya ngozi unajisikia moto kumbe unautoa nje.) Wengine walikufa kwa moshi usioonekana, kaboni monoksaidi, wameingiza jiko la mkaa la kuchomea nyama ndani, wamewasha gari gereji imefungwa, jenereta sebuleni. Hii habari haina umbali na sisi, kila kipupwe Njombe, Makete na nyanda za juu Kenya tunasikia familia imelala na jiko la mkaa chumbani haikuamka. Dallas na Houston zina Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi, na zile siku simu zilikuwa zinapigwa kutoka huku nyumbani kuwaambia wa kule msiingize jiko ndani, ambayo kwa kawaida huwa ni kinyume, wao ndio wanatutumia maelekezo.

Maji nayo. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, barafu ikiziba bomba presha inabanwa kati ya kizibo na koki iliyofungwa, bomba linapasuka, lakini hulijui mpaka barafu iyeyuke ndio dari inashuka na mafuriko. Ndio maana wanaambiana acha koki idondoke kidogo, kusudi presha ipate pa kutokea. Mamilioni ya nyumba zikiacha koki zidondoke, na mabomba yamepasuka kila mahali, na pampu hazina umeme, presha ya mji inaisha, watu zaidi ya milioni 14 wakaambiwa chemsheni maji kabla ya kunywa, na hawana umeme wa kuchemshia.

Bili ilikuwa sinema nyingine. Bei ya jumla ya umeme ilipandishwa mpaka kikomo cha dola 9,000 kwa megawati-saa na ikaachwa huko siku kadhaa, wateja waliokuwa kwenye mikataba inayofuata bei ya soko, wale waliobahatika umeme haukukatwa, wakaletewa bili za maelfu ya dola kwa wiki moja.

Baada ya hapo bunge la Texas mwaka huo huo likapitisha sheria, mitambo ya umeme sasa ni lazima ifungwe dhidi ya baridi na inakaguliwa, asiyefanya anapigwa faini. Imesaidia, Desemba 2022 ile dhoruba ya Buffalo ilipoteremka mpaka Texas gridi ilisimama, wakati majimbo ya Tennessee na Carolina ndio yalikata umeme kwa zamu, na Januari 2024 ilisimama tena, safari hii betri na sola vikiwa vimeongezeka sana. Upande wa gesi mambo yamekwenda polepole zaidi, kanuni zake zilitoka Agosti 2022 na zinabana visima na mabomba yaliyotajwa kuwa muhimu kwa umeme, sio vyote. Anayesimamia gesi Texas anaitwa Kamisheni ya Reli, jina la zamani tu, reli zenyewe hashughuliki nazo tangu 2005. Na ile gridi bado iko peke yake.